Sahihi ya Fundi na Dhamana ya Dola: Uwakilishi wa Chama na Usalama wa Ajira ya Mafundi wa Ndege Tanzania, 1964–2004

Utangulizi

Mwitongo, Butiama, mkoani Mara, ndipo alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Oktoba 1999. Wanahistoria hupatazama mahali hapo wanapotafuta chimbuko la fikra za ujamaa wa vijijini. Ni nadra kupahusisha na karakana ya ndege. Hata hivyo, maamuzi mawili ya Mwalimu, mmoja wa kisheria na mwingine wa kidiplomasia, yaliigusa ajira ya mafundi wa ndege. Makala hii inajenga hoja kwamba ulinzi wa ajira uliotolewa na dola badala ya chama huru ulikuwa ulinzi wa kweli, lakini haukuweza kudumu kuliko mwajiri mwenyewe.

Upekee wa kazi ya fundi wa ndege

Baada ya matengenezo, ndege hairuki mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kuthibitisha kwamba iko salama. Sahihi hiyo humfunga yeye binafsi. Kwa upande wa mwajiri, kila saa ambayo ndege imekaa chini ni hasara. Fundi anayeweza kufukuzwa kwa neno la msimamizi hushawishika kusaini kile ambacho angekikataa. Kwa hiyo, usalama wa ajira yake si maslahi yake peke yake; ni sehemu ya usalama wa abiria. Aidha, idhini yake huambatana na aina maalumu ya ndege, hivyo mwajiri anapobadili ndege, thamani ya ujuzi wa fundi nayo hubadilika.

Mapatano ya 1964

Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL), lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa mshirika wa TANU katika kudai uhuru. Baada ya uhuru uhusiano huo uliharibika. Sheria za 1962 zilibana haki ya kugoma, na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi kadhaa wa vyama waliwekwa kizuizini. TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Usalama wa Ajira. Mwajiri hakuruhusiwa tena kumfukuza mfanyakazi papo hapo kwa utashi wake. Makosa na adhabu viliainishwa, na kamati za wafanyakazi zikapewa nafasi ya kusikilizwa. Kwa mtu aliyewahi kuwa kibarua wa enzi ya ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo. Yakitazamwa pamoja, mambo haya mawili yalikuwa mapatano: mfanyakazi alipoteza sauti huru, akapata kinga ya ajira.

Mwajiri mmoja, vyama vya nchi tatu

Udhaifu wa mapatano hayo ulidhihirika katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946. Chini ya Mkataba wa Jumuiya wa 1967, makao yake makuu yalibaki Nairobi, na karakana zake kubwa zilikuwa Embakasi. Mwajiri alikuwa mmoja, lakini vyama vya wafanyakazi viliishia mipakani: Tanzania ilikuwa na NUTA, na Kenya ilikuwa na COTU tangu 1965. Mkataba uliweka Mahakama ya Viwanda ya Afrika Mashariki kwa ajili ya migogoro ya kazi, lakini uhai wa chombo hicho ulitegemea uhai wa Jumuiya.

Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye. Mamlaka ya marais watatu, iliyokuwa chombo cha juu cha Jumuiya, haikukutana tena. Kimaadili uamuzi huo unaeleweka. Hata hivyo, haukuwa chanzo pekee cha kuvunjika kwa Jumuiya, kwani migogoro ya fedha kati ya nchi wanachama nayo ilikuwa mikubwa. Mapema mwaka 1977 shirika lilisimama. Kenya ilianzisha Kenya Airways, Tanzania ikafunga mpaka Februari, na Machi likaundwa Shirika la Ndege Tanzania (ATC). Sheria ya 1964 ilikuwa imemfundisha mfanyakazi namna ya kupinga kufukuzwa. Haikumwandaa kwa mwajiri anayetoweka.

Gharama ya kusubiri

Mkataba wa Usuluhishi wa 1984 uliagiza kila nchi iwalipe raia wake mafao yaliyohesabiwa hadi tarehe 30 Juni 1977. Kwa wastaafu wa Jumuiya nchini Tanzania, mafundi wa ndege wakiwa miongoni mwao, madai yaliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2003 walifungua shauri Mahakama Kuu, na makubaliano na Serikali yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya shirika kufa. JUWATA, iliyorithi nafasi ya NUTA mwaka 1978, ilikuwa jumuiya ya chama tawala. Chama kilichowekwa chini ya dola kingewezaje kuidai dola hiyohiyo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliifuta ile ya 1964. Sasa mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi analazimika kutoa taarifa na kushauriana na chama kinachotambuliwa. Kinga haitoki tena kwenye kamati iliyoundwa na dola. Inategemea uwezo wa wafanyakazi wenyewe kujiunga na kutambuliwa. Sheria hiyo ilipitishwa wakati ATC yenyewe ikiwa na mbia, Shirika la Ndege la Afrika Kusini, lililonunua asilimia 49 ya hisa mwaka 2002 na kuondoka mwaka 2006.

Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba mapatano ya 1964 yalikuwa hila. Yalimpa mfanyakazi heshima ambayo hakuwa nayo. Kasoro yake ni kwamba mlinzi wa ajira na mmiliki wa shirika walikuwa upande mmoja, na mlinzi huyo hakuwa na mkono ng'ambo ya mpaka. Swali linalobaki kwa mashirika ya leo, ambayo ndege na mitaji yake huvuka mipaka kila siku, ni iwapo chama cha fundi kinaweza kuvuka pamoja navyo.