Kunoa Nako ni Elimu

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mara nilieleza maana yake ya ndani: ajiandaaye ndiye afaidiye. Kisu chenyewe sikukieleza hata siku moja. Nilidhani kila mtoto wa Kisukuma huzaliwa akijua kunoa.

Ndugu msomaji, dhana hiyo ilikuwa na asili yake. Kabla ya majembe ya dukani, chuma chetu kilitoka kwa wahunzi. Warongo, waliokaa magharibi ya Mwanza, upande wa Geita na Biharamulo, walichimba mawe yenye chuma wakayayeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo, huku mivukuto ikipulizwa. Majembe yao yaliletwa Usukuma kubadilishwa kwa mifugo na nafaka, na yalihesabiwa hata katika mahari. Ng'ambo ya Ziwa, kwa Wahaya, kazi hiyo ni ya kale sana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao huko: chuma cha pua kilitengenezwa Buhaya kati ya miaka 1500 na 2000 iliyopita. Wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao ndio waliojenga tanuri upya ili wataalamu hao waone kwa macho.

Katika maisha yale zana na ujuzi wake vilikaa pamoja. Jembe lililochakaa lilirudi kwa mhunzi likafuliwa upya, na kijana aliyelipeleka aliona jinsi makali yanavyotengenezwa. Kisha wakaja wakoloni na zana za viwandani, zilizokuwa rahisi kuliko za mhunzi. Afrika Mashariki nzima iliyajua majembe yenye alama ya mamba ya kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza. Baada ya Uhuru tukapata kiwanda chetu cha zana za kilimo, UFI, pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China. Tuliona fahari, na ilistahili. Lakini mnunuzi aliondoka dukani na panga peke yake. Tanuri zilizimika, na shule ya kunoa ikafungwa pamoja nazo bila mtu kuitangaza.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikawa na mashamba. Miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, kila mwanafunzi wangu alikuja na jembe au panga. Nilikagua kama amelileta. Sikukagua kama linakata. Asubuhi moja mvulana wa darasa la sita alikuwa akifyeka kandokando ya shamba la pamba. Panga lake lilidunda kwenye kisiki, likarudi, likamkata chini ya goti. Alipona, ila alibaki na kovu refu na mwendo wa kuchechemea kidogo. Nililiokota lile panga nikapitisha kidole: lilikuwa butu kama rula. Wengi hudhani chuma kikali ndicho cha hatari. Chuma butu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na kilichopigwa kwa nguvu kisipozama huruka kinakotaka. Nilimwambia baba yake kuwa ilikuwa ajali. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifundisha saikolojia ya mtoto na andalio la somo. Lakini sina haki ya kukilaumu chuo kwa kitu ambacho ningeweza kumwuliza seremala yeyote.

Seremala nilimwuliza nilipokwisha kustaafu, hapa Kalemela. Nikamwuliza na muuza nyama, na jirani mmoja mzee anayenoa visu vya mtaa mzima kwa kupenda tu, bila kudai senti. Hawakukaa pamoja kupanga jibu, lakini walisema jambo moja: usibadili mlalo wa kisu. Anayeanza huanza na bapa limelala, akimaliza limesimama, na makali huwa ya mviringo. Kwa kisu cha jikoni nilipata kipimo cha kimwalimu. Kunja kona ya karatasi ya daftari, nyuzi 90, ziwe 45. Kunja tena, zinabaki 22 na nusu. Weka pembe hiyo kando ya kinoo, uinamishe kisu kuifuata. Panga linalopiga miti lahitaji pembe kubwa zaidi, lisije likamenyeka.

Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uote ukingo mwembamba wa chuma kilichojikunja. Utausikia ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje. Usikipitishe kamwe kufuata urefu wa makali. Usipousikia, hujafika, hata kama umechoka. Ukiusikia, geuza, kisha malizia kwa mikono myepesi kila upande, na mwisho pitisha kwenye mkanda wa ngozi. Tupa husukumwa mbele tu, kwa kuwa meno yake yameelekea huko. Kuirudisha ikikwaruza ni kuiua. Na ukimpelekea mnoaji wa mashine, tazama rangi. Chuma kikigeuka buluu kimeungua, na makali hayo hayatadumu.

Kinoo changu ni cha dukani, chenye upande mkavu na upande laini. Mawe ya aina hii mengi hutokana na kaborandamu, aliyoipata Mmarekani Edward Acheson mwanzoni mwa miaka ya 1890 alipokuwa akijaribu kutengeneza almasi. Hata hivyo jirani yangu hutumia jiwe la mchanga alilorithi kwa babake, na kisu chake hukishinda changu. Nilipomwuliza siri yake alicheka: "Mwalimu, wewe una haraka."

Yule mvulana sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Mwaka juzi nilikwenda kwake nikamwambia lile nililopaswa kumwambia baba yake, ambaye alikwisha fariki: kwamba panga lilikuwa butu, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu. Alinyamaza, kisha akaingia ndani akatoka na panga lake. Tulikaa chini ya mwembe tukalinoa, tukipokezana, mpaka jua likazama.

Methali ile bado ninawafundisha wajukuu. Ila siku hizi naanza na kinoo na maji, maana ya ndani inafuata baadaye.