Pemba na Ternate: Wakulima wa mti mmoja

Wasikilizaji wengi walioko Muscat, London au Toronto huitambua karafuu kwa harufu yake kabla ya kuiona. Ni wachache, hata miongoni mwa wenye asili ya Pemba, wanaojua kwamba mti huo ni mgeni Afrika Mashariki, na kwamba kwao ni visiwa vichache, kikiwemo kiitwacho Ternate, katika Maluku, mashariki ya mbali ya Indonesia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Wete.

Kijiografia, visiwa hivi viwili havifanani sana. Ternate ni mlima wa volkano, Gamalama, uliochomoza baharini, na mashamba yamepanda ubavuni mwake. Pemba ni nchi ya vilima vifupi na mabonde ya mpunga. Vyote viwili, hata hivyo, viko karibu na Ikweta, vina mvua nyingi na hewa ya bahari.

Kazi nayo ni ileile. Karafuu huchumwa kabla ua halijachanua, na ua halimsubiri mtu. Mchumaji hupanda juu kabisa ya mti, akivuta matawi kwa upembo. Chini, akina mama na watoto hutenganisha karafuu na makonyo. Kisha huanikwa juani siku kadhaa juu ya majamvi. Mvua ikinyesha katika siku hizo, jasho la wiki nzima huharibika. Pemba, mchumaji amezoea kulipwa kwa pishi, na imewahi kutokea shule zikafungwa ili watoto wakachume.

Mkarafuu ulifikaje kwetu? Katika karne ya 17, Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ilitaka karafuu ya dunia nzima itoke mikononi mwake. Mwaka 1652 ilifunga mkataba na Sultani wa Ternate: yeye alipwe fedha kila mwaka, na mikarafuu ya raia wake ikatwe. Kilimo kikabanwa Ambon na visiwa vya jirani, mahali palipokuwa rahisi kulindwa. Mkulima wa Ternate, ambaye wazee wake waliitunza mikarafuu hiyo kwa vizazi vingi, hakuulizwa.

Mwaka 1770, watu wa Mfaransa Pierre Poivre walifanikiwa kutorosha miche na mbegu hadi Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, karafuu ikaletwa Unguja. Anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo ni Saleh bin Haramil Al-Abri, mfanyabiashara mwenye asili ya Oman. Shukrani aliyoipata ni kwamba mashamba yake yalichukuliwa na Sayyid Said, ambaye naye alihimiza kila mwenye shamba apande mikarafuu. Waliopanda na kuchuma kwa mikono yao walikuwa watumwa. Nadhani historia ya Zanzibar imesimuliwa mno kutoka barazani kwa masultani, na kidogo mno kutoka chini ya mkarafuu.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo, Pemba ndiyo shamba na Unguja ndiyo soko. Utumwa ulipopoteza uhalali wa kisheria mwaka 1897, wamiliki wengi walikuwa wameelemewa na madeni, nao Wapemba wa kawaida walikuwa na mikarafuu yao wenyewe.

Hapa ndipo Indonesia inaporudi katika hadithi. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Kudus, kisiwani Java, watu walianza kuchanganya tumbaku na karafuu. Sigara hizo, kretek, zilipendwa kupita kiasi, na nchi iliyoipa dunia karafuu ikalazimika kuzinunua kutoka Zanzibar na Madagascar. Kwa miaka mingi, mkulima wa Pemba alimtegemea mvutaji wa Java bila kumjua.

Katika miaka ya 1970, serikali ya Jakarta iliamua kujitosheleza na ikahimiza upandaji mkubwa. Miaka ya 1980 mikarafuu hiyo ilizaa, mnunuzi akatoweka, na bei ikaporomoka. Pemba, ambako Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar ndilo lililokuwa mnunuzi pekee wa halali, mashamba yaliingia magugu, na karafuu nyingine zikavushwa usiku kwa mashua kwenda Kenya.

Wala mkulima wa Indonesia hakunufaika. Kati ya mwaka 1990 na 1998 biashara yote ya karafuu ilikuwa chini ya mtoto wa Rais Suharto, na wakulima walilipwa kidogo mno hata wengine wakakata miti yao wenyewe, bila kuhitaji Mholanzi wa kuwaamuru.

Leo Indonesia huzalisha zaidi ya nusu ya karafuu zote duniani, na nyingi huishia katika kretek. Mavuno ya huko yanapokuwa mabaya, kama ilivyotokea karibu na mwaka 2011, bei hupanda, na mashambani Pemba watu huanza tena kupalilia.