Pangani, Kabla ya Vidonge

Mwaka 1990 madaktari wa Pangani, mkoani Tanga, walimwendea Mzee Waziri Mrisho, mganga wa tiba asili aliyekwisha kupita miaka 80, wakamuuliza kama mizizi yake ingeweza kuwafaa wagonjwa wa Ukimwi. Kwa desturi ni mganga aliyeitwa na serikali kueleza anachofanya. Safari hii wenye makoti meupe ndio waliokuja kuomba msaada, na mzee hakuwakatalia.

Walikuwa na sababu. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umetoa taarifa ya wagonjwa wake. Tanga ilikuwa na milango mingi ya kupitia: bandari, reli ya kwenda Moshi, barabara kuu inayopita Segera, mpaka wa Horohoro unaoelekea Mombasa. Ugonjwa uliukuta mkoa uliokwisha kuishiwa nguvu. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, nyingi zikitoka mashamba ya Tanga. Kufikia 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 40,000. Makambi ya mashambani yalibaki na watu, mshahara ukaondoka. Kisha mwaka 1993 serikali ikaanza kuwatoza wananchi sehemu ya gharama za matibabu katika hospitali zake. Familia iliyokuwa na mgonjwa wa kulazwa mara tatu kwa mwaka ilijua maana yake.

Pwani haikuwa tupu. Kila mtaa ulikuwa na utaratibu wake wa kusaidiana: upatu wa kina mama, chama cha kufa na kuzikana, ubani unaopelekwa nyumba ya msiba, hitima inayosomwa na majirani. Mjane aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, hakuachwa alale na njaa. Lakini utaratibu huo ulijengwa kwa ajili ya kifo kinachopita mara moja na kuwapa watu nafasi ya kupumua. Ukimwi ulimlaza mtu mwaka mzima au zaidi, ukamrudia mwenzi wake, na wakati mwingine mtoto mchanga. Aliyetoa ubani leo alihitaji kupewa kesho. Juu ya hayo kulikuwa na hofu: wapo waliotenga kikombe na sahani ya mgonjwa, na wapo waliosita kuosha maiti.

Dawa za Mzee Waziri zilitumika kwa wagonjwa wa hospitali ya Pangani, madaktari wakifuatilia. Hazikuondoa virusi mwilini. Zililenga mateso ya kila siku: kuhara kusikokoma, utando mweupe mdomoni, upele, mkanda wa jeshi, kukosa hamu ya kula. Wapo waliopata hamu ya chakula, wakaongezeka uzito, wakaweza kuamka kitandani. Kwa daktari ambaye hakuwa na dawa yoyote ya kupunguza makali ya virusi, hilo halikuwa dogo. Pia mganga alikuwa na kitu ambacho kabati la dawa halina: uani alikaribishwa bila kuulizwa shida yake.

Kutokana na ushirikiano huo lilizaliwa shirika la Tanga AIDS Working Group, lililojulikana kwa kifupi kama TAWG, lililofanya kazi kwa karibu na Hospitali ya Bombo mjini Tanga. Waganga na wauguzi walianza kuelekezana. Mganga alijifunza kwamba wembe mmoja hauchanji watu wawili, na ni dalili gani zinataka mgonjwa apelekwe hospitali haraka. Muuguzi naye alijifunza kubisha hodi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Mgonjwa analala kwenye kitanda cha kamba, na mhudumu wa nyumbani anamwelekeza dada yake namna ya kumgeuza ili mgongo usichubuke. Kama hakuna glovu, mikono inavikwa mifuko ya nailoni. Mashuka yaliyochafuka yanalowekwa kwenye maji yenye Jiki. Kwa mwenye kuhara, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na anapewa kidogo kidogo. Jirani aliyesimama mlangoni akitazama alijifunza kwamba mgonjwa anashikika.

Mzigo huo haukugawanywa sawa. Waliouguza ni wake, mabinti, mashangazi, na hasa mabibi, ambao baada ya maziko walibaki na wajukuu. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001, nyumba hizo zilipata ahueni, ingawa sare na madaftari vilibaki juu yao.

Serikali nayo ilisogea hatua kwa hatua. Mwishoni mwa 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Mwaka 2001 Bunge likaunda TACAIDS, tume ya kusimamia mapambano hayo. Mwaka 2002 ikapita sheria ya tiba asili na tiba mbadala, iliyompa mganga nafasi rasmi. Huko Muheza, mkoani humo humo Tanga, Hospitali Teule ikaanzisha huduma ya kutuliza maumivu kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ikiwafuata hadi vijijini. Hatimaye, mwishoni mwa 2004, dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa bure, zikianzia hospitali kubwa.

Vidonge vilibadilisha kila kitu, lakini kidonge cha kila siku kinahitaji chakula tumboni, mtu wa kukumbusha saa, na nauli ya kufuata dozi nyingine. Kazi hizo tayari zilikuwa na wenyewe. Ndiyo maana historia ya Ukimwi Tanga haiwezi kuanzia mwaka 2004. Kwa miaka 14 tangu madaktari walipomwendea mzee wa Pangani, tiba kubwa iliyopatikana ilikuwa uangalizi wa watu wa karibu, na sehemu kubwa yake ilifanywa na wanawake wasiolipwa, ambao gharama yao haikuandikwa katika bajeti yoyote. Janga lingine likija, swali la kwanza litakalostahili kuulizwa ni nani atakayewalipa.