Nyasi za Mara na Joto la Bahari

Mtu wa visiwani aliyelelewa na kusi na kaskazi huyajua majira kwa upepo. Mkulima wa Tarime, aliye mbali na pwani kwa mamia ya kilomita, huyajua kwa mawingu, kwa rangi ya mto na kwa urefu wa nyasi anapolisha ng'ombe wake. Wawili hao hawajuani, lakini sehemu kubwa ya mvua inayowalisha ina asili moja, nayo ni Bahari ya Hindi. Jambo hilo ni la kurudiwa baadaye. Kwanza yafaa kusimuliwa habari ya ng'ombe, kwa kuwa historia ya hewa na ardhi katika wilaya za Tarime na Serengeti haikuanza na moshi wa viwanda. Ilianza na maradhi yaliyokuja kwa jahazi la chuma.

Mwaka 1887 ng'ombe wenye maradhi walishushwa katika bandari ya Massawa, kwenye Bahari ya Shamu, kwa ajili ya jeshi la Italia. Ugonjwa wao ulikuwa sotoka. Ulitambaa kusini kupitia Uhabeshi, na kufikia miaka ya 1890 na 1891 ulikwisha kuingia nchi ya Wamasai na ya majirani zao upande wa ziwa: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waishenyi. Popote ulipopita, takriban ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa, na nyati na nyumbu wakafa pamoja nao. Kwa jamii ambayo ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye neno la kusuluhishia ugomvi, ule haukuwa msiba wa mifugo peke yake.

Mwaka 1892 alipita huko Mwaustria Oscar Baumann, aliyekuja baadaye kuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria mjini Unguja. Alitoka Tanga, akashuka ndani ya bonde la Ngorongoro, akavuka mbuga za Serengeti hadi ufukoni mwa ziwa Nyanza. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1894: wanawake waliobaki mifupa, vijana wapiganaji waliotambaa kwa mikono na magoti, wazee waliogombea ngozi na pembe za wanyama waliokufa. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikwisha kufa. Ndui nayo ilifuatana na njaa. Wazee wa upande wa magharibi wa Serengeti, ambao masimulizi yao yalikusanywa na mwanahistoria Jan Bender Shetler, huukumbuka wakati huo kuwa ni wa maangamizi, koo zikitawanyika na vijiji vikihama kutafuta hifadhi.

Lililofuata halikuonekana kwa siku moja. Nchi isiyolishwa wala kulimwa hushikwa na kichaka, na kichaka humkaribisha mbung'o. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Tanganyika, alishikilia kwamba wenyeji waliwahi kuitawala nchi yao kwa jembe, moto na mifugo, na kwamba mapigo ya miaka ya 1890 ndiyo yaliyowapokonya utawala huo. Wapo waliomkosoa kwa kuipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, na huenda wana haki. Lakini katika jambo moja hoja yake ni ngumu kuivunja. Wazungu walipofika kwa wingi na bunduki za kuwindia, waliikuta nchi iliyotoka katika maafa, nao wakaidhania kuwa nyika ya tangu kuumbwa kwa dunia.

Dhana hiyo ndiyo iliyochora mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilisimama mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, na Wamasai wakahamishwa kutoka mbuga za magharibi. Katika miaka ya 1960 iliongezwa kabari ya Lamai, kati ya mto Mara na mpaka wa Kenya, na Wakurya waliokuwa na mashamba na malisho huko wakatakiwa kuondoka. Mwaka ule ule wa 1959, Mjerumani Bernhard Grzimek aliionesha dunia filamu yake juu ya Serengeti. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege katika kazi hiyo. Filamu ilisifiwa sana. Mfugaji aliyehamishwa hakuwa na filamu.

Basi ikatokea kinyume ambacho mshairi angependa kukishika. Nyumbu hawakuokolewa na mipaka wala na bunduki za askari wa wanyama. Waliokolewa na sindano waliyochomwa ng'ombe wa vijijini. Chanjo ya sotoka ilipoenea katika mifugo iliyoizunguka hifadhi, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kuwa kiasi cha robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Makundi hayo yalizila nyasi zilizokuwa zikikauka na kuungua kila kiangazi. Moto ukapungua, na miche ya migunga ikapata miaka ya kukua bila kuchomwa. Watu wa pwani husema tembo wapiganapo nyasi ndizo zinazoumia. Serengeti yaonesha kwamba nyasi nazo, zikiachwa bila mlaji, huumiza miti.

Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake walichapisha hesabu ya mabadiliko hayo. Walionesha kwamba wakati wa sotoka nchi ile ilikuwa ikitoa kaboni hewani kwa moto, na baada ya nyumbu kuongezeka ikageuka kuwa ghala la kuihifadhi, mitini na udongoni. Kirusi kisichoonekana kwa macho kilikuwa kimeishika mizani ya hewa ya nchi nzima. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani.

Hata hivyo ghala la migunga ni dogo mbele ya tanuri lililowashwa kwingine. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, hewa ukaa ilikuwa kiasi cha chembe 280. Sasa imepita 420, na nyingi katika hizo zilizozidi zimetoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa mbali sana na Mugumu. Ni uonevu, basi, mkulima wa Tarime anapohutubiwa juu ya kuni zake kana kwamba yeye ndiye aliyeipasha dunia joto. Kuni zina madhara yake, na kilima kilichokatwa miti hakishiki maji. Lakini hilo ni neno jingine.

Joto hilo hufanya kazi kwa njia za kuzunguka. Mwaka 1993 ukame uliipiga Serengeti, na nyumbu wakapungua hadi kiasi cha laki tisa. Mwaka uliofuata simba walianza kutetemeka na kuanguka. Yapata theluthi moja ya simba wa hifadhi, karibu elfu moja, walikufa kwa ugonjwa unaofahamika kwa mbwa, na vijiji vya jirani vikaelekezewa kidole. Mwaka 2008 watafiti walieleza kwa nini ugonjwa huo, uliokwisha kupita kabla bila kuua sana, uliua safari hiyo. Ukame uliwadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba walipowala nyati hao walipata pia vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Mbwa wa kijijini alikuwa shahidi mmoja tu katika kesi yenye washitakiwa wengi.

Na mto wenyewe? Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita kati ya hifadhi mbili, kisha hujitandaza katika mabwawa ya mafunjo kabla ya kuingia ziwani karibu na Musoma. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika ulinzi wa msitu. Mlima uliovuliwa msitu hutoa maji kwa pupa wakati wa mvua na kwa ubahili wakati wa kiangazi, na udongo wake hushuka mpaka mabwawani. Tangu mwaka 2012 nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, wakati nyumbu wapo mtoni.

Hapa ndipo bahari inaporudi. Mwaka 1999 wanasayansi waliofanya kazi Japani, Saji na Yamagata miongoni mwao, walieleza mwendo wa maji ya Bahari ya Hindi ambao hufanana na pia. Miaka fulani maji ya upande wa Sumatra hupoa na ya upande wa pwani ya Afrika Mashariki hupata joto. Mawingu huhamia magharibi, na vuli huwa gharika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mvua zilipoanza kulipandisha ziwa Nyanza zaidi ya mita mbili hadi mwaka 1964. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1997. Bahari yote inazidi kupata joto, na hesabu nyingi za kompyuta hutabiri mvua zaidi. Ila masika, tangu miaka ya 1980, imekuwa ikipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na wataalamu hawajamaliza kubishana kwa nini.

Mwishoni mwa mwaka 2019 pia ilizunguka kwa nguvu mno. Mvua ya vuli iliunganika na masika, mto Mara ukafurika, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kikaonesha kwamba ziwa limeipita alama ya mwaka 1964. Mei 2024 likaipita tena.