Antena ya redio ya CB kwenye gari

Antena ya CB ni ufito wa chuma au wa faibaglasi wenye waya ndani, unaofungwa nje ya gari ili kurusha na kupokea mawimbi ya redio ya mawasiliano ya raia. Redio hiyo ilienea zaidi Marekani, ambako madereva wa malori huitumia kupashana habari za njiani: ajali, foleni, barafu, mizani iliyo wazi. Huduma ya megahezi 27 ilianza huko mwaka 1958 ikiwa na chaneli 23, na tangu Januari 1, 1977 zimekuwa 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Ilishamiri baada ya uhaba wa mafuta wa mwaka 1973, serikali ilipoweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa na madereva wakawa wanaambiana mafuta yako wapi na polisi wamejificha wapi. Chaneli 19 ndiyo ya madereva. Chaneli 9 imetengwa kwa ajili ya dharura.

Sheria inairuhusu redio hii kurusha wati 4 tu katika AM, nguvu ndogo kuliko inayotumiwa na balbu ya taa ya breki. Kwa hiyo anayetaka kusikika mbali atafute jawabu juu ya paa la gari. Redio ya bei nafuu yenye antena iliyofungwa vizuri huishinda redio ya bei kubwa iliyofungiwa antena ovyo.

Urefu ndio wa kufikiriwa kwanza. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa takriban mita 11, na antena ya gari hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya hapo, yaani karibu mita 2.7. Zipo fito za chuma cha pua zinazokaribia kipimo hicho, lakini hupinda kwa upepo na kugonga mapaa ya vituo vya mafuta. Nyingine zote hufupishwa kwa koili, waya uliozungushwa chini, katikati au juu ya ufito ili kufidia urefu uliopunguzwa. Ufidiaji huo una gharama: kadiri antena inavyofupishwa ndivyo nguvu inavyopotelea kwenye koili na ndivyo chaneli inazozimudu vizuri zinavyopungua. Chagua ndefu kuliko zote ambazo njia zako zinaruhusu. Kwa gari dogo, ya mita moja na nusu inatosha. Ya sentimita 60 ni ya mazungumzo ya karibu.

Jambo la pili husahauliwa na wengi: bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Mawimbi huelekea zaidi upande wenye bati nyingi, hivyo antena iliyo kona ya nyuma kushoto husikika vizuri zaidi mbele kulia. Katikati ya paa ndipo mahali bora, kwani bati imeizunguka pande zote. Ukingo wa buti unafaa. Bampa ni la mwisho, kwa kuwa bodi husimama kando ya ufito na kuukinga. Kitako cha sumaku humwepusha mwenye gari na kutoboa paa, ila hakishiki alumini wala faibaglasi. Ford F-150, kwa mfano, ina bodi ya alumini tangu toleo la mwaka 2015. Malori hufungwa antena mbili kwenye vioo vya pembeni, jozi ambayo huleta faida zikiachana karibu mita 2.7, lakini kwenye gari dogo ni pambo.

Kazi yenyewe huharibikia kwenye bolti. Rangi ni kizuizi cha umeme, kwa hiyo ikwanguliwe kwa msasa chini ya kishikio hadi chuma king'ae, kisha kishikio kikazwe na sehemu iliyokwanguliwa ipakwe grisi kuzuia kutu. Mlango au mkono wa kioo uunganishwe na chasisi kwa utepe mfupi, mpana, wa waya za shaba zilizosukwa, maana bawaba haziaminiki. Washa ya plastiki inayoutenga ufito na kishikio isiachwe wala kufungwa kinyume. Ikikosekana, umeme wote unaishia kwenye bodi. Kebo iwe ya omu 50, isibanwe na mlango.

Baada ya kufunga, antena hupimwa kwa mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi redioni. Gari lipelekwe uwanjani, mbali na kuta na watu, milango ikiwa imefungwa, kisha chaneli 1 na 40 zipimwe. Kipimo kikiwa kikubwa zaidi kwenye 1, antena ni fupi. Kikiwa kikubwa kwenye 40, ni ndefu. Ncha irekebishwe kidogo kidogo hadi pande zote zilingane. Chini ya 1.5 ni vizuri, 2 inavumilika. Ikipita 3 kwenye chaneli zote, acha kugusa ncha: kosa liko kwenye bodi, kebo au washa ile.

Kamwe usibonyeze kitufe cha kuzungumza kabla antena haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kutokea huweza kuunguza transista ya kurushia.