Springi za Mlango wa Gereji: Zinavyochakaa na Namna ya Kuzibadilisha kwa Usalama

Neno gereji limezoeleka nchini kumaanisha mahali magari yanapotengenezwa, lakini katika nyumba nyingi zinazojengwa mijini lina maana ya pili: chumba cha kuhifadhia gari, chenye mlango mpana wa bati au mbao unaopanda juu na kulala chini ya dari. Mlango wa namna hiyo ulibuniwa nchini Marekani mwaka 1921 na C. G. Johnson, na kifaa cha umeme cha kuufungua kilifuata mwaka 1926. Ndani yake kuna kiungo ambacho wenye nyumba wengi hawakifikirii mpaka siku kinapokatika kwa kishindo kinachofanana na mlio wa bunduki. Kiungo hicho ni springi.

Mlango mwepesi wa bati wa gari moja huwa na uzito wa kilo 60 hadi 80. Ule wa magari mawili, hasa ukiwa wa mbao, unaweza kuzidi kilo 150, yaani uzito wa mifuko mitatu ya saruji. Pamoja na uzito huo, mtu mmoja huweza kuunyanyua kwa mkono, kwa sababu mzigo karibu wote unabebwa na springi. Mota ya umeme nayo haikuundwa kubeba mlango. Kazi yake ni kuuvuta na kuusukuma mlango ambao tayari umesawazishwa. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba anayeona mlango umekuwa mzito akaamua kununua mota yenye nguvu zaidi anatibu ugonjwa usiokuwepo. Mota mpya itasaga meno yake kwa muda, na springi iliyochoka itaendelea kuchoka.

Ziko springi za aina mbili. Ya kwanza hukaa juu ya mlango, imevikwa kwenye shafti ya chuma, na hukazwa kwa kuzungushwa. Mlango ukishuka, nyaya zilizounganishwa kwenye kona zake za chini huizungusha shafti na springi hukazika. Mlango ukipanda, springi hulegea na kurudisha nguvu iliyoihifadhi. Aina ya pili hulala sambamba na reli za juu, moja kila upande, na hufanya kazi kwa kuvutwa. Katika aina zote mbili, springi huwa na nguvu kubwa kuliko wakati wowote mlango unapokuwa umefungwa. Mlango uliotulia chini, ambao kwa macho ndio salama kabisa, ndio wenye springi iliyokazika hadi mwisho.

Springi ya kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000. Familia yenye gari moja linalotoka asubuhi na kurudi jioni, na mlango ukafungwa kila mara, hutumia mizunguko miwili kwa siku, hivyo springi inaweza kufikisha miaka 13 na zaidi. Nyumba yenye magari mawili ya safari hizo hizo huimaliza kabla ya miaka saba. Hesabu hiyo ni ya mazingira makavu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, pamoja na Zanzibar, hewa yenye chumvi hula chuma na kuacha vishimo vidogo kwenye waya, na ufa huanzia hapo. Mafuta mepesi ya mashine yakipakwa kwenye springi mara chache kwa mwaka hupunguza kutu na msuguano. Reli zisipakwe mafuta, kwani hunasa vumbi. Zinahitaji kufutwa tu.

Sababu nyingine ya kuchakaa mapema hutokana na wenye nyumba wenyewe. Kwa hofu ya wezi, baadhi huchomelea bati la pili au nondo za kuimarisha mlango, bila kukumbuka kwamba springi ilichaguliwa kwa uzito wa mlango wa awali. Kila kilo inayoongezwa inabebwa na springi ile ile. Mlango ukiongezwa uzito, springi nazo hazina budi kubadilishwa.

Dalili za kuchoka huonekana mapema kwa anayeangalia. Mlango hupanda ukiinama upande mmoja, hushuka kwa kasi kuliko zamani, au mota hulalamika na kusimama njiani. Springi iliyokatika huonyesha pengo la sentimita kadhaa kati ya mizunguko yake. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha usawa, ambacho mwenye nyumba anaweza kukifanya mwenyewe iwapo haoni springi iliyokatika wala waya uliochanika: mlango ukiwa umefungwa, atenganishe mota, aunyanyue mlango taratibu kwa mikono miwili hadi nusu ya kimo, kisha apunguze nguvu ya mikono bila kuondoa vidole wala kusimama chini yake. Mlango wenye springi nzima hubaki pale pale au husogea kidogo. Unaoshuka kwa uzito umepoteza nguvu ya springi na usitumike tena kabla ya fundi kuukagua.

Tahadhari kubwa inahusu wakati umeme unapokatika. Mota nyingi huwa na kamba inayoning'inia, aghalabu nyekundu, ya kuitenganisha na mlango ili ufunguliwe kwa mkono. Kamba hiyo ni salama kuvutwa mlango ukiwa chini. Mlango ukiwa juu na springi ikawa imekatika, kitu pekee kinachouzuia kuanguka ni mota yenyewe. Anayevuta kamba katika hali hiyo huuangusha mlango wote kwa wakati mmoja, mara nyingi akiwa amesimama chini yake. Kwa hiyo kabla ya kuivuta, inua macho uangalie springi na nyaya. Mlango uliokwama juu kwa springi iliyokatika uachwe ulivyo, watoto na magari wawekwe mbali, na ukingojewa fundi. Ikilazimu kumtoa mgonjwa katika gereji ambayo mlango wake umekwama chini, wanyanyue watu wazima wa kutosha kwa pamoja, na miti imara iwekwe pande zote mbili kabla ya yeyote kupita. Mtu akibanwa, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Ubadilishaji wa springi za juu ya mlango si kazi ya mwenye nyumba. Si pia kazi ya kila fundi. Anayechomelea mageti kwa ustadi huenda hajawahi kulegeza springi iliyokazwa. Njia rahisi ya kumtambua anayeijua kazi ni kuangalia vifaa anavyofika navyo. Anapaswa kuwa na fito mbili za chuma laini na imara, zinazoingia bila kucheza katika matundu ya kichwa cha springi. Bisibisi, au kipande cha nondo kilichookotwa kwenye kifusi, huteleza au kupinda, na kikichomoka hurushwa kwa nguvu yote ya springi kuelekea usoni au mkononi mwa anayekishika.

Umeme wa mota hukatwa kwanza, mlango hufungwa, kisha hubanwa kwenye reli kwa plaizi za kujifunga ili usipande ghafla. Fundi husimama pembeni mwa kichwa cha springi juu ya ngazi isiyotikisika, akiwa na miwani ya kinga, huingiza fito hadi mwisho wa tundu na kuubeba mzigo kabla ya kulegeza skrubu. Kuanzia hapo hulegeza robo mzunguko kwa robo mzunguko, fito moja ikipokea kabla ya nyingine kutoka. Pale penye springi mbili na moja tu ikawa imekatika, ile nzima bado imebeba nguvu yake yote, na wengi hujeruhiwa kwa kulisahau hilo. Boliti za bano la katikati na zile za kona za chini zinazoshika nyaya haziguswi hata kidogo kabla springi hazijalegezwa kabisa.

Springi mpya haichaguliwi kwa kukadiria kwa macho. Hupimwa unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu ikiwa imelegea, na upande inakozungukia. Unene ndio wenye hila zaidi: waya wa milimita 6 badala ya 5.5, vipimo vingine vikiwa sawa, huongeza ukakamavu wa springi kwa zaidi ya asilimia 40, na mlango utaruka juu badala ya kupanda. Springi mbili za umri mmoja zibadilishwe pamoja, kwa kuwa iliyobaki haiko mbali na mwisho wake. Kwa mlango wa kimo cha mita 2.1, springi hukazwa takriban mizunguko saba na nusu, kisha usawa hupimwa upya kabla ya mota kuunganishwa.

Springi za kuvutwa hubadilishwa kinyume chake, mlango ukiwa juu kabisa na umebanwa kwenye reli, kwa kuwa hapo ndipo zinapolegea. Kila moja ipitishiwe katikati waya wa usalama uliofungwa ncha zote mbili, ili ikikatika vipande visirushwe ukutani au kwenye kioo cha gari. Ambapo waya huo haupo, uwekwe hata kama springi bado ni nzima.

Maelezo haya yanagusa pia milango ya bati inayojiviringisha madukani na kwenye maghala, ambayo springi zake zimefichwa ndani ya bomba la juu na hivyo hukaguliwa kwa nadra. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na mlango ambao muuza duka analazimika kuunyanyua kwa bega kila asubuhi umo ndani ya wajibu huo.

Fundi akimaliza, aandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mlango, ili mizunguko ihesabike kuanzia siku hiyo. Springi ya zamani isikabidhiwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa bado imefungwa kwenye shafti yake kabla ya kulegezwa yote.