Kupitia Wajir

Hebu iulize simu yako: Nairobi hadi Mogadishu ni umbali gani? Itakuambia kama kilomita 1,000, na kwa ndege ni saa moja na nusu hivi. Jibu ni sahihi, ila kwa miaka mingi halikumsaidia abiria.

Nilipoacha chuo nilipata kibarua kwenye ofisi ndogo ya kukata tiketi huko Eastleigh. Mteja wetu hakuwa na haja na kilomita. Alitaka kujua kitu kimoja tu: "Inapita Wajir?"

Sheria ilikuwa hivi. Ndege ya abiria ikitoka Mogadishu, lazima itue Wajir kwanza. Watu wanashuka, mizigo inashushwa, kila kitu kinapekuliwa, ndipo safari ya Nairobi iendelee. Sababu iliyotolewa ni usalama, na baada ya Westgate 2013 na Garissa 2015, hakuna mtu wa kuicheka sababu hiyo.

Lakini angalia ramani. Mogadishu hadi Wajir ni kama kilomita 580. Wajir hadi Nairobi, kama 490. Jumla 1,070. Yaani Wajir inaongeza kilomita 70 hivi, pungufu ya kwenda Thika na kurudi. Ndege inazimaliza kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kutua, kushuka, kupiga foleni na kungoja, hata kama wewe ni mgonjwa unayekimbilia hospitali Nairobi.

Sasa fuata tarehe. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki juu ya mpaka wa baharini. Mwaka 2016 Kenya ikatangaza kwamba ndege zitakuja moja kwa moja. Februari 2019, mzozo wa bahari ukipamba moto, Kenya ikamwita balozi wake nyumbani. Mei, Wajir ikarudi. Novemba marais wawili wakakutana, Wajir ikaondolewa. Mei 2021, siku chache tu baada ya Somalia kutangaza kurudisha uhusiano, Kenya ikasimamisha safari za ndege za abiria kwa miezi mitatu, kisha ikafungua Juni kabla muda haujaisha.

Al-Shabaab hawakuwa wakija na kuondoka kwa ratiba hiyo. Kilichopanda na kushuka ni hasira za serikali mbili, na abiria ndiye aliyelipa kwa saa zake.

Na Wajir ina kumbukumbu yake. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji huo. Waliwekwa juani siku kadhaa, wengi wakauawa. Serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema mwaka 2013 kwamba huenda walikaribia 1,000.

Sisemi kupekuliwa begi ni sawa na kuuawa. Nasema Msomali, awe Mkenya au mgeni, si mara ya kwanza kuambiwa angoje kando ya uwanja wa ndege mpaka serikali iridhike naye. Kwa hivyo ukisikia "saa moja na nusu", uliza kwanza Nairobi na Mogadishu wanaongea wiki hii au wamenuniana.